Injini Iliyokatwa kwa Msumeno

Injini ilipasuka Dobi akiwa katikati ya mlima wa hospitali, amebeba mashuka ya wodi ya wazazi. Vani yake ilikuwa ya aina ile ya zamani ambayo injini inakaa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo balaa halikuwa na mbali pa kutokea. Kwa muda mrefu kitu kilikuwa kikigonga huko chini, kama mtu aliyefungiwa ndani anayetaka kutolewa. Siku hiyo kiligonga kwa hasira. Dobi akapunguza gia, akasema na gari kama alivyozoea, "Tulia basi, tunafika." Halikutulia. Mkono wa pistoni ulikatika, ukatoboa ubavu wa injini, ukang'oa mfuniko uliokuwa kando ya kiti, na oili ya moto ikamrukia mguuni kuanzia gotini mpaka kwenye kifundo.

Hakupiga kelele, pumzi ya kupigia kelele hakuwa nayo. Gari lilizimika, likaanza kurudi nyuma, na breki bila injini ni ngumu kama kukanyaga ukuta. Aliikanyaga hivyo hivyo kwa mguu unaoungua, akazungusha usukani, akalibamiza gari kwenye ukuta wa duka la viatu. Taa za nyuma zikasagika. Mwenye duka alitoka na maneno mdomoni, akauona ule mguu, akayameza.

Jina lake watu walishalisahau. Aliitwa Dobi, hata na wanawe walipotaka kumtania, kwa sababu alifua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni uani kwake, kwa mashine mbili kuukuu na mikono yake. Hakuwa mtu wa kuonewa. Aliwahi kumkuta mwizi anaanua shuka kambani, akamng'ata kidole, na hakumwachia mpaka mwizi mwenyewe alipowaomba majirani waite polisi. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa kinyume chake: mpole, mchache wa maneno, macho mekundu siku zote kwa ajili ya moto wa kazi. Majirani walisema katika nyumba ile mwanamke ndiye petroli na mwanamume ndiye tangi.

Vani ilivutwa kwa kamba mpaka gereji ya Kobe. Kobe alikuwa fundi mzee aliyepewa jina hilo kwa mwendo wake. Ungeweza kunywa chai ikaisha kabla hajafungua nati moja. Aliingiza ngumi yake yote kwenye tundu la injini, akaitoa ikiwa nyeusi.

"Hii si ya kutengeneza," alisema. "Hii ni ya kuzika."

"Nipe njia, baba, usinipe rambirambi," alisema Dobi. Alikuwa amekaa juu ya tairi, mguu umefungwa bendeji mpaka umekuwa kama gogo.

Kobe akampa njia. Injini mpya alimwambia aisahau. Kulikuwa na injini kubwa zaidi za magari mengine, zenye nguvu za kupanda mlima ule kwa kuimba, lakini ingebidi kukata vikalio vinavyoishikilia injini, kubadilisha giaboksi, na breki zingebaki zile zile za gari dogo. "Utakuwa umempa mlevi mbio," alisema. Kilichobaki ni kutafuta ya aina ile ile, iliyotumika. "Na ukiipata, usihangaike kuuliza ina miaka mingapi. Uliza ilitolewaje kwenye gari lake."

"Za aina hii zipo?"

"Mji huu mimi nayajua magari mawili tu ya namna hii. Hili lako, na lile la muuza mikate."

Dobi akageuka kumtazama mumewe, aliyekuwa amesimama nyuma yake. Muuza mikate walikuwa wakimjua. Dobi alikutana naye kila asubuhi kwenye mlango wa nyuma wa hospitali, yeye akishusha mikate, Dobi akipakia mashuka. Majuma machache yaliyopita alisimamishwa njiani na watu waliojifanya wameharibikiwa na gari, akapigwa kwa spana ya magurudumu, akatupwa mtaroni taya limevunjika mara mbili. Vani yake haikuonekana tena.

Walianzia mtaa wa wauza injini. Ulikuwa mtaa mrefu wa vyuma, injini zimepangwa juu ya mbao kama vichwa vilivyokatwa, nyaya zinaning'inia, ardhi nyeusi na laini kwa oili iliyomwagika miaka na miaka. Kabla hawajauliza kitu madalali walishawavamia. Mmoja alimkamata Dobi mkono, wa pili akamkamata huyo wa kwanza ukosi, wakaanza kugombea mteja ambaye hata hajasema anataka nini. Yule wa kwanza akaokota spana akampiga mwenzake mdomoni. Jino lilidondoka juu ya mfuniko wa injini iliyokuwa ikiuzwa. Mwenye duka alilifagia kwa tambara, akafuta na damu, akasema, "Karibu mama, hii ndiyo yenyewe."

Akaiunganisha na betri, ikawaka mara moja, bila kusita. Mume wa Dobi akatabasamu. Kobe hakutabasamu, aliweka kiganja ubavuni mwa injini, akakiacha hapo kidogo.

"Hii mlishaiwasha kabla," alisema. "Ina joto. Ikipoa haiwaki, au nasema uongo?"

Mwenye duka alimsukuma kifuani kwa mikono yote miwili. Kobe akaanguka chali kwenye rundo la vyuma, akapasuka kichwani. Wanaume wawili watatu wakasogea, mmoja ameshika mnyororo. Dobi akaokota kipande cha nondo, akasimama mbele ya yule mzee kwa mguu wake mmoja mzima. Walimtazama machoni, wakaona bora liishe. Waliondoka kwa kurudi kinyumenyume, mume wake akimkokota Kobe, damu ikimtiririka mzee mpaka kwenye ndevu.

Ndipo Shemeji alipojitokeza.

Shemeji alikuwa kaka mkubwa wa mume wa Dobi. Mjini walimwita Nondo, kwa sababu biashara yake ilikuwa chuma na mwili wake pia ulikuwa chuma. Alikuwa na uwanja wake wa vipuri nyuma ya ghala la saruji. Ndiye aliyemlea mdogo wake baada ya baba yao kufa. Alimbeba mabegani kwenda shule, akawapiga waliomchokoza, akamnunulia mashine yake ya kwanza ya kuchomelea. Kila kitu cha mume wa Dobi kilikuwa na alama ya mkono wa kaka yake.

"Mnahangaika kupigwa mitaani na mimi nipo?" aliwauliza alipofika kuwaona. "Mdogo wangu aliniambia zamani kwamba gari linagonga. Nikasema nitawatafutia. Nimewatafutia. Njooni mwone."

"Na malipo?" aliuliza Dobi.

"Shemeji, usinitukane. Ni zawadi."

Injini ilikuwa chini ya turubai, kwenye kona ya uwanja. Ilikuwa nzuri. Kavu, haivuji popote, na Nondo aliiwasha ikiwa baridi kabisa, ikanguruma kwa sauti moja nene bila kukohoa. Kobe, kichwa kimefungwa kitambaa, aliizunguka kwa mwendo wake ule. Alishika mpira wa maji: ulikuwa umekatwa kwa kisu, kibanio bado kimekaza. Nyaya zilikuwa zimekatwa. Vikalio vilikuwa vimekatwa kwa msumeno, chuma king'aacho kikionekana pale meno yalipopita. Mahali pa namba palikuwa pamesagwa.

"Hii haikufunguliwa," alimwambia Dobi kwa sauti ya chini. "Waliokuwa wakiitoa walikuwa wanakimbizana na kitu."

Dobi akainama. Kwenye mikunjo ya chuma, chini ya mfuniko wa juu, palikuwa na ukoko mweupe uliogandana na oili. Aliukwangua kwa ukucha. Oili ilipaka kidole, lakini ule weupe ulibaki, laini, unateleza. Ulikuwa unga. Katika vani zile, kinachomwagika nyuma huishia juu ya injini. Yake mwenyewe ilikuwa imejaa nyuzi za mashuka.

Aliinua kichwa kumtafuta mumewe. Alikuwa amechuchumaa upande wa pili, akitazama kishikizo cha jenereta. Kishikizo kiliwahi kuvunjika, kikaungwa kwa kuchomelewa. Alikuwa akipitisha dole gumba juu ya mshono ule, anakwenda na kurudi, uso wake umekuwa kama majivu. Dobi alimjua. Alisubiri aseme.

"Ni injini nzuri," mumewe alisema, akasimama. "Asante, kaka."

Nyumbani Dobi hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Ule mshono ni wako."

"Kuna mafundi wengi."

"Mshono wako naujua. Kitanda ninacholalia kina mishono yako. Ni injini ya muuza mikate, nawe ndiye uliyemuungia kishikizo."

"Ni kaka yangu."

"Na yule naye si kaka wa mtu?"

Mtu yule mpole aligeuka, akapiga ngumi kabati la vyombo. Mlango wa kioo ukavunjika, akapiga tena palipobaki, na tena, mpaka mkono ukawa nyama na vioo. Kisha akakaa sakafuni akilia kama mtoto, akiukumbatia ule mkono. Dobi alimtoa vipande kimoja kimoja kwa kibano cha nyusi. Hakumfariji. Hakuwa na faraja ya kumpa, naye hakuwa mtu wa kuigiza.

Asubuhi yake alikwenda kwa muuza mikate. Alimkuta kwenye kiti kando ya dirisha, meno yamefungwa kwa waya juu na chini, amekonda mpaka shati linamcheza. Mkewe ndiye aliyesema kwa niaba yake.

"Anakunywa kwa mrija," alisema. "Akiota, anajaribu kupiga kelele, waya zinamkata ufizi. Naamka nakuta mto una damu."

Dobi alikuwa amekuja kuwaambia, lakini hakuwaambia. Aliuliza tu kama vani yao ilikuwa na alama yoyote. Muuza mikate akatikisa kichwa kukubali, akasema kupitia meno yaliyofungwa, taratibu, mate yakimtoka pembeni, "Kishikizo. Mumeo. Alikataa. Nisimlipe."

Aliporudi nyumbani, mumewe alikuwa ameshatoka. Mkoba wake wa kazi ulikuwa umeegemezwa mlangoni. Fundi haendi kazini bila mkoba. Dobi hakuingia hata ndani. Alisimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita, akamwambia kijana aendeshe kama ameiba.

Yaliyotokea kabla hajafika, mumewe alikuja kuyasimulia baadaye. Alimkuta kaka yake akiwasimamia vijana wake wawili waliokuwa wamekwisha kuining'iniza injini kwenye winchi, tayari kuipeleka kwa Kobe. Alimwambia, "Kaka, mshono huu ni wangu."

"Basi kazi yako inarudi nyumbani," Nondo alisema, akicheka.

"Yule mtu mmemvunja taya."

"Mimi nanunua chuma, mdogo wangu. Chuma hakina mama."

"Hukununua."

Nondo aliacha kucheka. "Nani alikuja hapa kulia kwamba gari la mkewe linagonga? Nani alisema hata ya muuza mikate ingemfaa, basi tu haiuzwi? Nilikusikia. Nikakutafutia. Niwe nimekosea wapi?"

Hapo ndipo mume wa Dobi, ambaye hakuwahi kumpiga mtu tangu azaliwe, alipompiga kaka yake mdomoni kwa mkono ule uliofungwa bendeji.

Dobi alipoingia getini alisikia kabla ya kuona. Ulikuwa mlio mzito, wa kurudiarudia, kama anavyopiga yeye mablanketi yaliyolowa. Vijana wawili walikuwa wamembana mumewe chini, mmoja kila mkono. Nondo alikuwa amepiga goti moja kifuani pake, mguu wa pili ameunyoosha nyuma kujiegemeza, chini ya injini iliyoning'inia, na mkononi ana bomba la chuma. Alikuwa akimpiga mbavuni. Alikuwa akilia huku akimpiga. "Nimekulea," alikuwa akisema. "Nimekulea mimi. Nimekulea."

"Mwache," Dobi alisema.

Hakuna aliyegeuka. Bomba likapanda, likashuka, na kitu ndani ya mumewe kikavunjika kwa sauti kama ya kijiti kikavu. Povu jekundu likamtoka mdomoni. Bomba likapanda tena, safari hii juu zaidi, juu ya kichwa.

Winchi ile ilikuwa ya pampu. Ukipampu mkono wake unapanda, ukifungua koki unashuka. Ukifungua polepole unashuka polepole. Dobi aliijua, Kobe alikuwa na kama hiyo. Alikwenda mpaka pale akichechemea, akaishika koki, akaifungua yote.

Injini ilidondoka juu ya mguu wa Nondo ulionyooshwa, chini ya goti. Bomba lilimtoka mkononi. Kwanza alishangaa tu, akageuza shingo kutazama nyuma kama mtu aliyeitwa. Kisha akapiga ukelele ambao watu wa ghala la saruji waliusikia wakaja mbio. Vijana wake walimwachia mdogo mtu, mmoja akakimbia akaruka ukuta. Mwingine alibaki amesimama, amejikojolea.

Ilibidi waiinue. Dobi alipampu winchi, na mume wake, mwenye mbavu zilizovunjika, alitambaa kwa tumbo mpaka kwa kaka yake, akamshika kwapani, akamvuta kutoka chini ya chuma. Mguu haukuja wote pamoja. Alivua shati, akaufunga juu ya goti kwa nguvu zake zote. Ndugu wawili walipelekwa hospitali nyuma ya lori la saruji, wamelazwa bega kwa bega, vumbi la kijivu limewaganda kwenye damu. Dobi aliwatazama akawaona wanafanana kuliko alivyowahi kuwaona wakifanana.

Nondo alikatwa mguu siku hiyo hiyo. Polisi walikuja wodini. Walimuuliza Dobi kama alipofungua koki aliuona mguu ulipokuwa.

"Niliuona," alisema.

"Na ulikusudia?"

"Nilikusudia aache."

Walimweka ndani, wakamhoji, baadaye mahakama ikamwachia, maana daktari alieleza pigo lililokuwa linafuata lingefanya nini kwenye fuvu la kichwa. Yule kijana aliyejikojolea alisema kila kitu hata alichokuwa hajaulizwa, akawaongoza polisi mpaka machimbo ya mawe kulikofichwa mwili wa vani ya mikate. Nondo hakukana. Alisimama kizimbani kwa magongo, akahukumiwa miaka mingi pamoja na vijana wake wote wawili, maana yule aliyeruka ukuta naye alishakamatwa. Kabla hajashushwa aligeuka upande wa mdogo wake, akasema bila hasira, "Nilikuwa nakutafutia wewe."

Mama mkwe alimsubiri Dobi nje ya mahakama. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwepesi kama kapu tupu, lakini kofi alilompiga lilimgeuza uso. Akampiga na la pili upande mwingine. Dobi aliweka mikono nyuma, akampa nafasi ya la tatu, lakini mama mkwe alikuwa ameshachoka. Alikaa kwenye ngazi. Tangu hapo hakulitaja jina la Dobi, na mtu akilitaja mbele yake alikuwa akiondoka.

Injini ilirudishwa kwa mwenyewe. Tangi lake la oili lilikuwa limepasuka lilipoangukia mfupa na saruji. Mume wa Dobi aliliunga, mbavu zake zikiwa hazijapona, akisimama kila baada ya muda kushika ubavu. Muuza mikate alisimama pembeni akimtazama mpaka alipomaliza. Taya lilikuwa limepona vibaya, limekaa upande. Kisha muuza mikate akamshika mkono, akauachia haraka.

Dobi na Kobe walirudi kutafuta. Safari hii Dobi alikuwa na sharti moja, na wauzaji walimcheka kwa ajili yake: alitaka aonyeshwe gari kwanza, injini baadaye. Aliyekuwa na injini bila gari, alimpita. Walipata katika mji wa jirani, kwenye uwanja wa mama mmoja aliyevaa ovaroli ya mumewe. Vani ilikuwa imegongwa nyuma na lori mpaka mlango wa nyuma umefika kwenye viti, lakini mbele hapakuguswa. Aliyekuwa akiiendesha alikuwa hapo hapo, shemeji wa yule mama, shingo haigeuki, anauza tairi.

"Ilikuwa na tabia gani?" Dobi alimuuliza.

"Mvivu wa kuamka," alisema yule dereva, akigeuza mwili mzima ili amtazame. "Na ikipata joto, ukiizima haiwaki mpaka ipoe. Lakini haijawahi kuniacha njiani."

Kobe akaifungua nati kwa nati, siku nzima, hakukata kitu. Ilikuwa imechoka, na mlima wa hospitali iliupanda kwa gia ya kwanza, watu wa miguu wakiipita. Ila ilipanda.

Mara moja kila mwezi Dobi humpeleka mumewe gerezani kumwona kaka yake. Yeye haingii, alijaribu mara moja, Nondo akakataa kutoka. Hukaa garini nje ya ukuta, ameacha injini inaunguruma kwa sababu ya ule ugonjwa wake wa joto, mashuka machafu ya wodi yamejaa nyuma, mengine yana damu ya watu asiowajua. Mara ya mwisho mumewe alikaa sana huko ndani. Alipotoka alipanda, akafunga mlango, akatazama mbele.

"Ameuliza gari linaendaje," alisema.

Mguu wa Dobi ulikuwa juu ya kanyagio. Kovu la oili lilikuwa limeng'aa kama nailoni. "Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia linakwenda."

Dobi akatia gia, wakarudi nyumbani kufua.